Kiti cha Lorraine Tatum

Everett Lindahl aliingia jikoni kwangu na viatu vimejaa theluji, hakuvifuta, akaweka kasha la fidla yake juu ya meza ambayo mke wangu alikuwa ametoka kuipanguza, kisha akasema ana habari njema. Nilijua hapo hapo kwamba ametoka kuongea na matajiri. Mtu aliyetoka kuongea na matajiri huwa na sauti ya chini, kama anatembea ndani ya nyumba yenye mazulia.

Sisi wanamuziki wa okestra tulikuwa tumefungiwa nje ya ukumbi tangu Septemba. Sikusema tuligoma. Magazeti ya Fort Maddox yaliandika "mgomo" majira yote ya baridi na hayajaomba radhi mpaka leo. Mgomo ni mfanyakazi kukataa kazi. Sisi tulifika asubuhi na ala zetu mikononi tukakuta mlango wa wanamuziki umetiwa mnyororo, na mlinzi wa kukodi, kijana wa watu, akitusomea karatasi ambayo hata yeye hakuielewa. Bodi ilitaka okestra ipunguzwe theluthi nzima. Tusaini, au tukae nje. Tukakaa nje. Tukapanga mstari mbele ya ukumbi, zamu kwa zamu, na mabango, na pipa la moto, na kahawa, kwenye upepo wa ziwa la mji wetu ambao hauna huruma na mtu wa chama cha wafanyakazi wala mtu wa bodi, ila mtu wa bodi hushuka garini akaingia ndani.

Everett hakuja kwenye mstari hata siku moja. Alisema baridi inaharibu vidole vyake. Vyetu, nadhani, vilikuwa vya mbao.

Lakini Jumapili mchana alikuja kwangu, kwa sababu sisi wanne tulikuwa na kundi letu dogo kando ya okestra. Everett fidla ya kwanza. Lorraine Tatum fidla ya pili. Ruthanne Pickett selo, ile kubwa inayobanwa katikati ya magoti. Na mimi, Casimir Dudek, Caz kwa wanaonijua, viola, ambayo ni fidla iliyonenepa na ambayo wenzetu wote huitungia vichekesho. Miaka kumi na moja tulipiga pamoja jikoni mle, kati ya jokofu na mlango wa ua, na kwenye makanisa, na kwenye harusi za mabinti wa madaktari. Ndicho kitu pekee maishani mwangu ambacho sikuwahi kukipigania na mtu.

"Nimeonana na Bi. Whitlock," Everett akasema.

Bi. Whitlock ndiye mwenyekiti wa bodi. Babu yake aliuza matairi. Baba yangu aliyatengeneza. Yatosha kumweleza.

"Ulionana naye, au alikuita?" nikamuuliza.

"Caz, tafadhali. Sikiliza kwanza, utafoka baadaye."

"Naweza kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja."

"Hilo tunalijua," Ruthanne akasema, akiwa ameinama anapaka ulimbo upinde wake. "Hata majirani wanalijua."

Habari yenyewe ilikuwa hii. Bodi inaandaa chakula cha jioni cha wafadhili, mle mle ukumbini, jukwaani. Wanataka muziki. Sisi wanne tuingie, tupige, wafadhili waone kwamba wanamuziki wamesharudi na hakuna ugomvi. Kwa malipo ya wema huo bodi itatufanya kundi rasmi la ukumbi, na viti vyetu vinne katika okestra havitaguswa. Kwa maandishi.

"Vinne," Everett akarudia, akimtazama Lorraine. "Na cha nyuma kabisa kimo."

Kila mtu alijua kiti cha nyuma kabisa ni cha nani.

Lorraine alikaa safu ya mwisho ya fidla za pili, jirani na matoazi, mahali ambapo mwongozaji akikuonyesha kidole ni kwa bahati mbaya. Alikipata kiti kile kama tulivyopata sote, kwa kupiga nyuma ya pazia, majaji wasimwone, na zulia limetandikwa chini wasisikie ni kiatu cha mwanamke au cha mwanamume kinachopita. Alijaribu miji kadhaa kabla ya kupata kwetu. Pazia lilipoondolewa, mmoja wa majaji alisema "Lo!" kwa sauti, akamwona mwanamke mweusi wa Kentucky, mrefu, na gauni la kanisani. Jaji yule amekufa. Lile "Lo!" lake silisahau. Na sasa bodi ilipotaka kukata theluthi, ilianza kukata nyuma, na kiti cha Lorraine kilikuwa cha kwanza kutajwa. Mume wake, Clifton, alikuwa anasafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na bima ya kumtibu ilitoka kwenye kiti kile. Hakikuwa kiti tu.

"Na wenzetu wengine ishirini na kitu?" nikasema. "Yule wa zumari ana watoto wachanga. Wale wa nyuma wengine. Tukiingia sisi wanne, keshokutwa wataingia wengine wanne, na wiki ijayo hakuna mstari, kuna mimi na pipa la moto."

"Caz, hutashinda. Wana pesa kuliko sisi na wana muda kuliko sisi."

"Ndivyo walivyosema mwaka ule wa ugomvi uliopita, wapiga tarumbeta wawili walipoingia kwa mlango wa nyuma. Majina yao nikutajie?"

"Umeshanitajia."

"Wanapoishi?"

"Caz," Lorraine akasema.

Hapo Everett akafanya jambo lililonitia kichaa kuliko yote. Akatumia sheria yetu.

Kila kundi la watu wanne lina sheria, kwa sababu wanne hawana wa kuvunja sare. Wawili wakisema haraka na wawili wakisema polepole, mtakesha. Sheria yetu ilikuwa kwamba wazo la mwenzako hulikatai kwa mdomo. Unalipiga kwanza, na unalipiga kwa moyo wako wote, kama ni lako, bila kununa, bila kuliharibu kwa makusudi. Ukishalipiga hivyo, ndipo una ruhusa ya kusema ni takataka. Sheria ile ndiyo iliyotulinda tusiuane.

"Mimi nina wazo," Everett akasema. "Tupige kwenye chakula kile. Mara moja. Baada ya hapo kila mtu aseme analoliona. Si ndiyo sheria?"

"Sheria ile ni ya muziki, we bwana!"

"Haikusema hivyo."

Nilitaka kumtupa nje na kasha lake. Lorraine akainua upinde kidogo, kama anavyofanya anapotaka turudi mwanzo wa ukurasa.

"Everett yuko sahihi," akasema. "Sheria ni sheria."

Nilimtazama. Sikumlaumu, au nilimlaumu na nikajionea aibu, au sikuona aibu, sijui. Nilimwona Clifton kwenye kile kiti cha hospitali na nikamwona Bi. Whitlock amekalia mrija wa damu yake na anatabasamu.

"Ila tunajaribu kwa zamu," Lorraine akaendelea. "Wazo lililotangulia kusemwa ndilo linalotangulia kupigwa. Siku zote tumefanya hivyo. Na Caz alilitoa lake Septemba, hapa hapa: sote wanne tusimame kwenye mstari. Sisi watatu tumesimama. Wewe hukusimama. Kwa hiyo tunaanza na la Caz, halafu tunakwenda kwenye lako. Wote wanne, na Caz pia. Kwa moyo wote."

"Mimi siingii mle," nikasema.

"Utaingia," akanijibu. "Au uvunje sheria wewe, na wa kwanza kuivunja awe mtu wa chama."

Ruthanne akacheka mpaka ulimbo ukamdondoka. Everett alifikiri kidogo tu. Saa chache kwenye baridi, kisha kundi rasmi la ukumbi. Angekuwa mpumbavu kukataa.

"Siku gani?" akauliza.

"Alhamisi mchana," Lorraine akasema. "Vaa soksi za sufu."

Hatukupiga muziki siku ile. Walipoondoka nilimfuata Lorraine mpaka kwenye gari lake nikamwambia maneno ambayo mtu humwambia anayemwona anauza wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawasha gari, akapangusa kioo kwa mkono wa koti.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi mmalizie mke wako, mimi nina mgonjwa nyumbani."

Alhamisi ilikuwa na jua lile la Januari lisilopasha kitu. Mstari ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Everett alifika amejifunga skafu mpaka puani na kofia mpaka kwenye nyusi. Ungedhani anakwenda kuiba benki. Wenzetu wa okestra walimtazama na hakuna aliyemsalimu. Mmoja wa wapiga pembe alisema, kwa sauti ya kutosha, "Oh, vidole vimepona?"

Lorraine akamwendea. "Hiyo ni nusu ya moyo," akamwambia. "Toa hiyo skafu."

"Lorraine, ni baridi kali."

"Naiona. Toa."

Akatoa. Lorraine akampa bango. Everett akalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyelowa. Tukazunguka mara kadhaa mbele ya ngazi, kisha Lorraine akanipokonya kipaza sauti, kile cha betri, akamtia Everett mkononi.

"Wazo la Caz lilikuwa uongee," akamwambia. "Alisema mtu wa mbele akiongea, mji utasikia."

Kweli niliyasema hayo, Septemba.

Sasa nikuambie jambo juu ya Everett Lindahl, ambaye simpendi na sitampenda. Hajui kufanya kitu vibaya mbele za watu. Hawezi. Mwite mpumbavu, mwite mbinafsi, lakini mweke mbele ya watu hamsini na atatoa kila alicho nacho, kwa sababu mwili wake haujui namna nyingine. Mtu anayekaa viti vya mbele ameumbwa hivyo, au amefundishwa mpaka ikawa maumbile. Alianza kwa aibu, akisoma maneno ya bango. Watu wakaitikia. Aliposikia wanaitikia, mgongo ukanyooka. Akapandisha sauti, akaishusha, akangoja, akawafanya wangoje. Akaanza kuuliza na kujibiwa. Nani alijenga ukumbi huu? Sisi! Nani aliujaza? Sisi! Akavua glavu, naapa, akavua glavu apate kuonyesha kwa mkono. Mwanamke wa televisheni ya mji, aliyekuja kila Alhamisi kurekodi dakika moja na kuondoka, akamwita mpiga picha wake arudi haraka.

Mimi nilikuwa nimesimama na mdomo wazi. Miezi mitano nilipiga kelele pale mpaka nikakaukiwa, na sikuwahi kupata hata nusu ya ule mwitikio.

"Na nani," Everett akapaza, "nani aliyetia mnyororo kwenye mlango huu?"

Gari jeusi likasimama kando ya ngazi.

Alhamisi ndiyo siku ya kikao cha bodi. Mimi nilijua, kamati nzima ya chama ilijua, ndiyo maana Alhamisi tulijipanga wengi. Everett hakujua kwa sababu hakuwahi kuja. Lorraine alijua.

Kioo cha nyuma kikashuka, na mle ndani alikuwa Bi. Whitlock na kola yake ya manyoya. Everett akamwona. Nilikuwa karibu, niliona alivyomwona. Alikuwa ametamka swali, watu hamsini walikuwa wamevuta pumzi, na jibu lilikuwa lake kulianzisha. Mtu mwingine angeshusha kipaza sauti, angejikohoza, angejidai anauliza saa. Lakini mpiga fidla ya kwanza haachi sentensi katikati. Akifa, anaimaliza kwanza. Akafumba macho akapiga kelele:

"Whitlock!"

"Whitlock!" mstari mzima ukaitikia, na pipa likapigwa.

Kelele ilipopungua, Bi. Whitlock akasema, taratibu, kama anayeagiza chai, "Bwana Lindahl. Sikujua una sauti." Kioo kikapanda.

Jioni ile televisheni ilimwonyesha Everett, bila skafu, mkono juu. Asubuhi ya Ijumaa katibu wa bodi alimpigia simu kumwambia kwamba chakula cha wafadhili kitatumbuizwa na mpiga piano kutoka Detroit, na kwamba hakuna mazungumzo mengine yoyote.

Jumapili alikuja kwangu bila fidla.

"Ulijua," akamwambia Lorraine kabla hajakaa. "Ulijua atapita pale."

"Nilijua."

"Ulinitega kwa sheria yetu wenyewe!"

"Wewe ndiye uliyeileta mezani. Mimi nilipanga zamu tu."

"Mpumbavu wewe! Kilikuwa kiti chako! Nilikuwa nakupigania wewe! Mimi bila maandishi yale bado nina kiti changu, Caz ana chake, Ruthanne ana chake. Ni wewe uliyekuwa unazama, na mimi ndiye niliyekuletea kamba!"

"Ulileta kamba," Lorraine akasema, "ukaniambia nisimame juu ya vichwa vya watu ili niifikie."

"Na Clifton?"

Ruthanne akasimama. Selo ilikuwa bado imeegemea goti lake, ikaanguka na kugonga jokofu, na hakuiangalia. "Litaje tena jina hilo," akasema, "na nitakutoa mimi mwenyewe, Caz apumzike."

Lorraine hakusimama. "Clifton aliniuliza swali moja," akasema. "Aliniuliza, 'Utaweza kukaa kwenye kiti hicho?' Nikamwambia sitaweza. Akaniambia basi si chetu tena. Umemsikia? Sasa nenda nyumbani."

Akaenda. Mlango wangu una kioo juu. Ulipofungwa kikapata ufa. Hakuwahi kukilipa.

Sasa usikae ukingoje nikwambie kwamba tulishinda. Mstari haukuvunjika, hilo ndilo nililo nalo. Baada ya picha zile wafadhili wawili wakubwa walijitoa, watu wa mji wakaanza kuja na sufuria za supu, na mwezi Machi bodi ikarudi mezani. Walitaka kukata theluthi. Tukawabana wakakata wanane. Wanane! Nilikuwa kwenye chumba kile siku ile ya mwisho, nikapiga meza mpaka wakili wao akasogeza glasi yake. Niliwaambia waanze na mkurugenzi wao wa mahusiano, ambaye mpaka leo sijajua anahusiana na nani. Hawakusikia. Kiti cha nyuma cha fidla za pili kilikuwa katika wale wanane. Kamati ilipiga kura ikakubali, kwa sababu wengine walikuwa wamebakiwa na mkate tu, na sauti yangu ya kupinga iliandikwa na kusahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Alifungua mlango, akaniangalia uso, akasema, "Wanane ni wachache kuliko nilivyodhani," akaingia ndani kumpa Clifton dawa. Haukupita muda akapata kazi ya kufundisha watoto wa shule za wilaya, yenye bima mbaya kuliko ile ya kwanza. Wanafunzi arobaini katika chumba kimoja, wote na fidla. Ruthanne alisema hiyo si kazi, hiyo ni hukumu.

Siku ya kwanza ya mazoezi Bi. Whitlock alipanda jukwaani kutukaribisha nyumbani. Okestra ina namna yake ya kumpongeza mtu bila kuweka ala chini: tunasugua miguu sakafuni. Alizungumza juu ya familia na majeraha na kesho, kisha akanyamaza kutungoja. Hakuna mguu uliosogea. Hata Everett, pale mbele, alikaza soli zake sakafuni. Nilimwona. Sikumshukuru, kwa sababu kutofanya kitu kwa viatu vyako si ushujaa, na kiti cha nyuma kilikuwa kimeshaondolewa na mafundi, pamoja na stendi ya noti za muziki, na pale kilipokuwa waliweka feni.

Jumapili iliyofuata tulikaa watatu jikoni kwangu. Lorraine alikuwa amekuja na chaki ya Ijumaa kwenye mkono wa koti. Tukasikia gari, kisha hatua kwenye ngazi, kisha mlango ukagongwa, ule wenye ufa. Everett, na fidla yake mgongoni.

Nilitaka kuacha agonge mpaka kiangazi. Lorraine akaenda kufungua, akasimama katikati ya mlango.

"Nimekuja kwenye mazoezi," Everett akasema. "Mambo ya okestra yamekwisha. Tusahau."

"Mimi sisahau," nikasema toka kwenye kiti.

"Sikukuuliza wewe, Caz. Lorraine, mimi na wewe tumepiga pamoja miaka kumi na moja. Nimekuongoza miaka kumi na moja."

"Nilikufuata miaka kumi na moja," akasema Lorraine. "Si kitu kimoja. Kiti cha pili kiko wazi. Cha kwanza nimekaa mimi."

Everett alimtazama kama hakusikia. Kisha akatazama ndani, akaona jinsi viti vilivyopangwa, akaona koti la Lorraine juu ya kiti cha kwanza.

"Mimi nipige ya pili," akasema. "Mimi."

"Ulijaribu la Caz," Ruthanne akamwambia kutoka ndani. "Jaribu na hili. Kwa moyo wote."

"Nyie ni wagonjwa," Everett akasema. "Wote watatu." Akageuka akashuka ngazi.

Lorraine akafunga mlango, akaketi, akafungua noti. Sio za fidla ya kwanza. Alifungua zake, za fidla ya pili, zilizojaa alama za penseli. "Leo tupige hivi hivi," akasema. "Kesho nitajifunza ile nyingine." Akavuta pumzi tukaanza, watu watatu wakipiga kazi ya wanne, na juu kabisa, mahali pa wimbo wenyewe, pakiwa wazi kabisa.

Nje gari la Everett lilikuwa linaunguruma bila kuondoka. Muziki ulipofika mahali ambapo selo hupumzika, Ruthanne aliinuka, akaenda kwenye dirisha juu ya sinki, akalisukuma mpaka juu. Baridi ikaingia na kupeperusha kurasa.

"Funga hilo!" nikamwambia.

"Asikie," akasema, akarudi kwenye selo yake kabla zamu yake haijafika.